Uliza Fundi Santuri: Witch wa Zambia, Tancut wa Iringa na gitaa linalokwaruza

Barua za mwezi huu nyingi zinauliza jambo moja kwa milango tofauti: bendi fulani ilitoa albamu ngapi, na nizipate wapi. Nimechagua hizi, nyingine zisubiri zamu. Anayetaka bei ya spika asiniandikie gazetini, apite kibandani Mwanjelwa, Mbeya, tuongee.

*Shikamoo mzee. Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa Tazara, akisafiri na treni mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia. Baada ya arobaini tumefungua sanduku lake la bati, tumekuta santuri tatu kubwa za bendi inayoitwa Witch. Moja imeandikwa Lazy Bones, nyingine In the Past, ya tatu haina jalada na karatasi ya katikati imechubuka. Mama mdogo anasema hayo ni mambo ya wachawi, zichomwe. Kaka yangu amepata mtu wa Dar es Salaam anayezitaka zote kwa shilingi elfu themanini. Mimi nataka kujua kwanza ni kitu gani. — Binti wa Reli, Tunduma*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Usichome, usiuze, na usimruhusu mtoto yeyote azichezee.

Mama mdogo mwambie aweke kiberiti chini. Witch walikuwa vijana wa Kitwe, mji wa machimbo ya shaba, na jina lao ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yanayotangaza kwamba wamekusudia kuleta vurugu. Vurugu zenyewe zilikuwa za magitaa. Mwimbaji wao Emanuel Chanda alijiita Jagari, kwa kumpenda Mick Jagger wa Rolling Stones. Solo alipiga Chris Mbewe, rizimu John Muma, besi Gedeon Mulenga, kinanda Paul Mumba, na drams Boidi Sinkala. Jina kama Sinkala kwenu Tunduma na ng'ambo Nakonde halimgeuzi mtu shingo.

Muziki wao siku hizi unaitwa zamrock, yaani rock ya Zambia, na kilele chake ni ile miaka ya katikati ya 1970. Watu wananiuliza ilikuwaje Wazambia wapige rock wakati sisi tunacheza dansi la magitaa laini. Jibu langu huanzia kwenye shaba. Kitwe, Ndola, Chingola na Mufulira ilikuwa miji ya mishahara. Kijana wa mchimbaji aliona gitaa la umeme dukani, na nyumbani palikuwa na mtu anayeweza kulilipia. Machimbo yalikuwa na klabu na kumbi zake, na santuri za Uingereza na Marekani zilifika huko mapema: Jimi Hendrix, James Brown, Deep Purple. Kisha Rais Kenneth Kaunda akaagiza redio ya taifa ipige kwa sehemu kubwa muziki wa Wazambia wenyewe. Vijana waliokuwa wakiiga nyimbo za Kizungu wakajikuta wanahitajika kutunga za kwao, na wakazitunga na vidude vyao vya fazi, vile vinavyokwaruza sauti ya gitaa, vikiwa vimeshawashwa. Walioimba Kiingereza waliendelea na Kiingereza, wengine wakachanganya na Kibemba na Kinyanja.

Sasa albamu. Ya kwanza ya Witch ni Introduction, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, inayohesabiwa kuwa miongoni mwa albamu za kwanza kabisa za Wazambia kuuzwa madukani. Ikafuata In the Past mwaka 1974, Lazy Bones!! mwaka 1975, Lukombo Vibes 1976, na ya 1977 iliyobeba jina la bendi. Baadaye Jagari akaondoka, wenzake wakaendelea bila yeye, na ya mwisho ya enzi hiyo ni Kuomboka ya 1984.

Baba yako alikuwa na masikio. Introduction inapendwa na wakusanyaji kwa sababu ni ya kwanza, lakini mimi huiona bado ni bendi ya kumbi za shule, kila mtu anataka asikike yeye. In the Past kinanda kinatawala, na ni nzuri ukiisikiliza usiku. Lazy Bones!! ndiyo kazi yao. Humo wamejua kuachiana nafasi: besi inatembea peke yake, gitaa linaingia likiwa limechafuka, Jagari anaimba kwa sauti ya mtu aliyechoka na maisha ilhali bado ni kijana mbichi. Anza na hiyo, upande wa kwanza mpaka mwisho, usiruke wimbo. Lukombo Vibes imerudi kwenye ngoma na miguu ya kucheza. Wanaopenda rock ngumu huikimbia, mimi siikimbii. Ile ya 1977 naiacha kwa wenye subira kuliko mimi.

Ukishaipenda Lazy Bones!!, watafute majirani zao. Amanaz walitoa albamu moja tu, Africa, mwaka 1975, na kwangu ndiyo yenye huzuni nzuri kuliko zote. Musi-O-Tunya walitoa Wings of Africa, nao wamechanganya ngoma na tarumbeta zaidi. Rikki Ililonga aliyetoka kundi hilo alitoa albamu iitwayo Zambia, karibu kila kitu kakipiga mwenyewe. Paul Ngozi na kundi lake la Ngozi Family walikuwa watu wa mtaa: gitaa lenye meno, maneno ya maisha ya kila siku. Paul alikuwa akilipiga kwa meno yake kweli, jukwaani.

Unaniambia baba alifika Kapiri Mposhi. Basi njia ya santuri hizo naiona. Reli ilikabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, ikipita Mlimba, Makambako, Mbeya na kwenu Tunduma. Kapiri ukishuka ulikuwa unapanda treni nyingine kwenda Ndola na Kitwe. Wafanyakazi wa reli wa wakati huo walirudi na vitenge, na baadhi yao walirudi na santuri zimefungwa katikati ya vitenge zisivunjike. Hapa Mwanjelwa tulimjua mtu wa Tazara kwa viatu vyake na kwa muziki uliotoka dirishani kwake, maana ulikuwa hauchezeki rumba. Majirani walilalamika. Mimi nilikuwa nasimama chini ya dirisha.

Kwa nini bendi hizo za zamrock zilikoma? Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na mishahara ile ikaanguka nayo. Vita vya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, vikaingia mpaka Zambia. Taa zikazimwa, watu wakakatazwa kutembea usiku, na dansi la usiku likahamia mchana. Disko ikaja, DJ mmoja akawa nafuu kuliko vijana sita na magitaa. Kaseti za kunakili zikamaliza wauza santuri. Mwisho ukaja ukimwi, uliowachukua wengi wa wanamuziki wale. Jagari alibaki. Aliwahi kufundisha, akawahi kuchimba vito, mpaka wakusanyaji wa santuri wa nje walipokuja kumtafuta. Kampuni ya Now-Again ya Marekani ikazitoa upya albamu za Witch, mwaka 2019 ikatoka filamu juu yake, na 2023 Witch mpya, Jagari akiwa na mpiga kinanda Patrick Mwondela na vijana wa Ulaya, wakatoa Zango. Nimeisikiliza. Sauti ya mzee bado ipo.

Turudi kwenye sanduku. Kwanza ujue kama santuri zenu ni za wakati ule au ni hizi zilizotolewa upya. Tazama nyuma ya jalada: ukikuta mistari myeusi ya kusomwa na mashine dukani, hiyo si ya miaka ile. Tazama karatasi ya katikati. Za Zambia za zamani mara nyingi utakuta zimeandikwa Zambia Music Parlour au Teal. Kisha ichukue ile isiyo na jalada, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha, na utazame ile pete laini isiyo na mistari ya muziki, karibu na karatasi. Hapo kuna namba imekwaruzwa kiwandani. Iandike ilivyo, herufi kwa herufi, uniletee. Kwa namba hiyo tutajua ni ipi hata kama karatasi imekwisha.

Kuhusu elfu themanini. Santuri za mwanzo za zamrock zikiwa katika hali nzuri, wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzinunua kwa mamia ya dola kila moja, na nyingine zaidi ya hapo. Zikiwa zimekwaruzika sana bei hushuka vibaya mno. Mwambie kaka yako, kwa heshima zote, kwamba huyo mtu wa Dar anajua anachokitafuta, ndiyo maana hakuulizia sanduku. Mkiamua kuuza, hilo ni la familia na mimi silisemei. Lakini zisikilizeni kwanza wote mkiwa pamoja, na mama mdogo akiwepo.

*Kamwene Fundi. Tunabishana mimi na rafiki yangu wa Kihesa. Yeye anasema Tancut Almasi Orchestra walitoa albamu tano, mimi nasema tatu. Tumewekeana soda. Nani amekula? — Mwana wa Gangilonga, Iringa*

Kamwene. Hakuna aliyekula, soda ninywe mimi.

Ninyi mnahesabu kwa kipimo cha leo. Tancut ilikuwa bendi ya kiwanda, mali ya kampuni ya kukata almasi iliyokuwa hapo kwenu Iringa, na enzi yake ni miaka ya 1980. Bendi ya namna hiyo haikukaa chini ikasema "tunatengeneza albamu." Ilitunga nyimbo, ikazipiga ukumbini mpaka zikaiva, kisha zikafika nyimbo kadhaa, watu wakapanda gari, wakashuka mlima Kitonga na vyombo vyao kwenda Dar es Salaam kurekodi Redio Tanzania. Mashairi yalipitiwa kwanza. Kisha bendi nzima iliingia studio, ikapiga kwa pamoja, mwimbaji na mpiga drams katika chumba kimoja, na akikosea mmoja mnaanza upya wote. Kilichotoka humo ni utepe uliokaa maktaba ya redio. Wimbo ulikufikia wewe kwa redio ya mkulima, siyo kwa duka.

Ndiyo maana mtu wa umri wangu ukimtajia Tancut hatakujibu kwa jina la albamu. Atakujibu "Nimemkaribisha Nyoka", atakujibu "Butinini", atakutajia wale mapacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, namna sauti zao zilivyokuwa zikipishana huwezi kujua nani kaanza na nani kamaliza. Atakuambia John Kitime alikuwa pale na gitaa. Hizo albamu tatu zako na tano za mwenzio ni kaseti, na baadaye sidii, zilizokusanywa na watu baada ya bendi kunyamaza. Mkusanyaji mmoja kaweka nyimbo sita, mwingine nane, mwingine kapachika wimbo wa bendi nyingine kabisa kwa sababu nafasi ilibaki kwenye utepe. Nimewahi kuletewa kaseti ya "Tancut" iliyokuwa na wimbo wa bendi ya Morogoro.

Bendi za miaka ya kabla ya hapo walau zilipata santuri, lakini ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Zilifyatuliwa Nairobi. Upande mmoja haukubeba zaidi ya dakika nne au tano, na dansi letu lilikuwa refu, kwa hiyo wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza mbele, sehemu ya pili nyuma. Ninyi hamjui adha ile. Maneno yamekwisha, magitaa ndiyo yanaanza kuchemka, wachezaji wamesimama, na muziki unakatika. Unakimbia kugeuza sahani. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, hata njia hiyo ikawa ngumu, na ukafunguliwa 1983 tu. Miaka hiyo ndiyo bendi za mikoani zilikuwa moto kwelikweli.

Linganisheni na jirani. Zambia ile ya Binti wa Reli hapo juu ilikuwa na kampuni ya Teal pale Ndola na wafanyabiashara wa Zambia Music Parlour. Kijana wa Kitwe aliwaza sahani kubwa yenye pande mbili za dakika ishirini ishirini kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuifyatua na mtu wa kuiuza. Wetu aliwaza wimbo mmoja utakaopita mikononi mwa watu wa redio. Mimi nikilisikiliza gitaa la Tancut siwaoni kuwa chini ya mtu yeyote wa Ndola. Walikosa mtambo tu.

Kama mnataka kubishana tena, bishaneni kwa nyimbo. Chukueni daftari, mwandike kila wimbo mnaoukumbuka na nani aliimba, mkawaulize wazee wa Miyomboni. Daftari hilo likijaa nitalinunua.

*Fundi, kijiweni kwetu Makambako kuna mtu anasema rock ni muziki wetu kwa sababu Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar. Ni kweli? — Dereva wa Fuso*

Kuzaliwa ni kweli: Zanzibar, Septemba 5, 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, na bendi yake ya rock, Queen, ilianza London mwaka 1970. Zanzibar ilimpa cheti cha kuzaliwa. Gitaa la Queen lilikuwa la Brian May, na huyo mwambie mtu wako wa kijiweni hakuwahi kuuza ndizi Makambako.

*Nakusalimu Mzee Fundi. Sisi Watanzania tuliwahi kuwa na bendi yetu ya rock yenye albamu, au yote ni ya Wazambia? Mimi ni mwalimu wa muziki, wanafunzi wananiuliza nakosa la kujibu. — Mwalimu, Njombe*

Tuliwahi, mwalimu, na wanafunzi wako waandike jina: Sunburst. Walianza Dar es Salaam mwaka 1970, mbele akiimba Kassim Magati, gitaa likiwa kwa Hembi Flory Kongo, Bashir Idi Farhan kwenye besi, na mpiga drams aliyejiita Johnny Rocks. Waliimba Kiswahili na Kiingereza, na ukiwasikiliza utakuta fazi, utakuta soul ya Wamarekani weusi, utakuta na ngoma ya kwetu imekaa chini ya vyote hivyo bila kuona haya.

Wakati haukuwa mwepesi kwao. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku kwenye kumbi za Dar es Salaam, na vijana wa suruali pana na nywele ndefu walikuwa wakitazamwa na vijana wa chama kwa jicho kali. Sunburst walianza mwaka mmoja tu baada ya hapo! Walirekodi Redio Tanzania mwaka 1973. Lakini albamu yao, Ave Africa ya mwaka 1976, unajua ilitokea wapi? Zambia. Bendi ya rock ya Dar es Salaam ilibidi ivuke kwenda Zambia ili iwe na santuri kubwa yenye jalada. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya Uingereza ilizitoa upya rekodi zao zote pamoja na zile za redio, kwa hiyo zinapatikana, hazihitaji sanduku la marehemu.

Darasani usiwaanzishie maelezo. Wape wimbo mmoja wa Sunburst na mmoja wa Amanaz, uwaulize upi ni wa Mtanzania. Watabishana mpaka kengele. Na mwanafunzi atakayesema "huu una ngoma zaidi, ni wetu", mpigie wa Musi-O-Tunya umvuruge.

*Ugonile tata. Hapa Tukuyu unyevu umeniharibia santuri za marehemu babu, zina madoa meupe kama ukungu, na sindano inaruka. Nimeshauriwa nizifute kwa spiriti. — Mjukuu, Tukuyu*

Nagona, mwanangu. Spiriti iache mahali ilipo mpaka ujue santuri zako ni za aina gani. Zile nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo, za mizunguko 78, zimetengenezwa kwa utomvu ambao spiriti huuyeyusha. Ukiifuta mara moja, muziki umeondoka na kitambaa. Hizi za plastiki zinazopinda kidogo ukizishika ndizo zenye uvumilivu.

Kwa zote mbili maji yanatosha. Tafuta maji ya betri ya gari, yale safi yasiyo na tindikali, maana maji ya bomba la Tukuyu yakikauka huacha chumvi ndani ya mistari. Tone moja la sabuni ya vyombo katika kikombe kizima. Kitambaa laini kisichotoa manyoya. Futa kwa kuzunguka, kufuata mistari, usikate katikati, na karatasi ya katikati isilowe. Suuza kwa maji yaleyale bila sabuni, simamisha zikauke kivulini. Jua la saa sita litazikunja, na juu ya jiko ndiyo kabisa usithubutu.

Sindano ikiendelea kuruka baada ya hapo, huenda ubovu uko kwenye sindano yenyewe. Na kama unapiga 78 kwa sindano ya 45, inachimba chini ya mstari na kuusaga. Sindano ya 78 ni nene zaidi. Majalada yaliyokwisha kuota ukungu yatenge mbali na mazima. Usizirundike, zisimamishe kama vitabu, na mbali na ukuta wa nje, maana Juni na Julai ukuta huo hutoa jasho huko kwenu.

*Shikamoo Fundi. Sisi ni vijana wanne wa Soweto hapa hapa Mbeya. Tunapiga rock kwa Kiswahili, tunafanya mazoezi kwenye stoo ya mahindi. Fazi tumeitengeneza wenyewe kwa transista za redio mbovu, inakwaruza vizuri lakini inavuma mmmm hata tusipopiga. Tunataka kutoa albamu ya nyimbo kumi na nne. Tuanzie wapi? — Wana wa Stoo*

Marahaba! Nimeisoma barua hii mara nyingi kuliko zote, na mafundi wenzangu nimewasomea.

Tuanze na kuvuma. Fazi kazi yake ni kuikuza sauti ya gitaa kupita kiasi cha transista kubeba, mpaka vilele vya wimbi vinakatwa bapa. Huo ukwaruzaji ndio kukatwa kwenyewe, na ndio maana noti hukaa muda mrefu kabla ya kufa. Sasa kidude hakichagui. Kila kinachoingia kinakuzwa, na waya wa umeme ulio karibu nao unaingia. Kwanza ondoeni adapta, wekeni betri ya volti tisa. Mvumo ukiisha, adui ni adapta. Usipoisha, wekeni vyote ndani ya kopo la chuma, hata la maziwa ya unga, na kopo lenyewe liunganishwe na waya wa ardhi wa sakiti. Waya kutoka kwenye gitaa uwe mfupi na uwe ule wenye nyuzi za kukinga zilizosukwa kuuzunguka. Transista za zamani za jemaniamu zinakwaruza kwa utamu, ila baridi na joto huzibadilisha, kwa hiyo asubuhi ya Julai msishangae ikitoa sauti nyingine na mchana nyingine. Msiitupe. Jueni tu inapenda saa ngapi.

Nyimbo kumi na nne ni nyingi. Santuri kubwa za akina Witch zilibeba kama dakika ishirini kila upande, na mtambo ule uliwalazimisha kuacha nyimbo dhaifu nje. Ninyi hamna mtambo wa kuwazuia, basi jizuieni wenyewe. Chagueni nane. Zipigeni ukumbini, hata kama ukumbi ni harusi ya jirani, na wimbo ambao watu wanautumia kwenda kununua soda uondoeni.

Studio za mjini watataka kuwarekodi mmoja mmoja, drams za kompyuta kwanza, kisha gitaa kesho, kisha sauti keshokutwa. Kwa bongo fleva inafaa. Kwenu kataeni kwa adabu. Pigeni wote kwa pamoja kama Tancut walivyopiga Redio Tanzania, kosa dogo libaki humo, na mwimbaji arudie sauti baadaye kama lazima. Stoo ya mahindi ikijaa magunia ni chumba kizuri cha kurekodia kuliko vyumba vingi vya kukodi, maana magunia hula mwangwi. Rekodini kabla mahindi hayajauzwa.

Na rekodini kavu, bila mwangwi wa kubandika. Albamu ya Amanaz ipo katika hali mbili, moja kavu na moja imejazwa mwangwi, na watu mpaka leo wanagombana ipi bora. Mimi ni mtu wa ile kavu. Lakini mabishano hayo yanawezekana kwa sababu rekodi ya msingi ilikuwa safi. Mwangwi mnaweza kuuongeza mwaka ujao. Mkiurekodi nao, hautoki.

Jalada nalo lichoreni sasa, msisubiri. Na kila wimbo uandikwe mtunzi ni nani na nani kapiga nini, mbele ya wote wanne, kabla hazijaingia hela.

Kidude kileteni kibandani, siku yoyote isipokuwa Jumapili. Njooni kabla ya saa kumi, jioni umeme wa mtaa wetu una vituko, na mje na gitaa lenyewe na waya wake, siyo kopo peke yake.